Utafiti wa ugaidi: tusisome nusu tunayoipenda



Ndugu Waislamu, kila unapotajwa ugaidi, macho hugeukia kwetu. Nasi tumezoea kujibu kwa utafiti wa wasomi wa huko huko Magharibi. Robert Pape wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha kitabu mwaka 2005 baada ya kuchambua mashambulizi 315 ya kujitoa mhanga yaliyofanyika duniani kati ya 1980 na 2003. Walioongoza ni Tamil Tigers wa Sri Lanka, mashambulizi 76, na hao si Waislamu wala hawakupigania dini. Akahitimisha kuwa chanzo kikubwa ni majeshi ya kigeni kukalia ardhi za watu.

Hoja hiyo imenukuliwa sana katika mihadhara yetu. Ni wachache waliotaja kwamba mwaka 2008 wasomi wenzake walimkosoa: alitazama palipotokea mashambulizi tu, hakulinganisha na pale yasipotokea. Surat Al-Hujurat aya ya 6 inatufundisha kuchunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Sioni kama habari inayotufurahisha imesamehewa uchunguzi huo.

Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) lilitoa ripoti iliyotokana na kuwahoji watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho ni kitendo cha serikali, ikiwemo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Wenye dola waisome mara mbili. Mzee anayezolewa usiku kwa sababu ya ndevu na kanzu yake ana watoto nyumbani, na wanaona.

Hapo tunapiga takbira. Lakini ripoti hiyo hiyo inasema asilimia 57 ya watu hao walikiri kuwa maandiko ya dini hawayaelewi, au wanayaelewa kidogo tu. Tena inasema aliyesoma elimu ya dini kwa miaka sita au zaidi, uwezekano wake wa kujiunga hupungua hata kwa asilimia 32. Maneno haya hayaelekezwi kwa polisi. Yanatuhusu sisi walimu na kamati za misikiti.

Mtoto wetu anahitimu juzuu akiwa na miaka kumi na mbili, anaacha madrasa kwa ajili ya tuisheni, basi. Qur'ani inabaki mdomoni. Akifika miaka ishirini, ana hasira na maswali, maana anaitafuta kwenye simu, kwa mtu asiyemjua jina wala mwalimu wake. Huku msikitini tumechangishana zulia jipya na viyoyozi, na ustadhi wa darsa la vijana analipwa nauli, tena ikipatikana.

Wala mtu asiseme kueleza sababu ni kutoa ruhusa. Mabomu ya Agosti 7, 1998 yaliua zaidi ya watu 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Surat Al-Maida aya ya 8 inakataza kuchukia watu kusitufanye tukaacha uadilifu, na dhulma ya dola haimpi yeyote haki ya kumwaga damu ya mpita njia.

Kamati ya msikiti wako ikikaa, iulize swali moja: vijana wangapi wa zaidi ya miaka 15 wanahudhuria darsa kila wiki, na nani anawafundisha?