Unamheshimu Abiria, Je, Mke Wako?



Miaka ya nyuma, mtu aliyesafiri kwa matatu kutoka Keroka hadi Kisii mjini aliweza kukaa karibu na mvutaji sigara njia nzima. Moshi ulimwingia puani, nguo zikanuka, na aliyelalamika ndiye aliyeonekana hana adabu. Siku hizi mambo yamegeuka. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Julai 2008. Anayevuta sigara mahali pa umma anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi sita. Basi leo mvutaji husubiri ashuke kwanza. Abiria asiowajua hata kwa jina wanapumua hewa safi.

Lakini hebu tumfuate mwanaume huyo hadi nyumbani. Jioni za Nyamira zina baridi. Mvua inanyesha, mlango na dirisha vimefungwa. Watoto wanafanya kazi ya shule karibu na taa, mama amempakata mtoto mchanga. Baba anaketi, anatoa kiberiti na kuwasha sigara. Swali letu ni hili: kwa nini mgeni wa kwenye matatu apewe heshima ambayo mke na watoto hawapewi?

Wengi hujibu, "Hapa ni kwangu. Mwili ni wangu, na pesa ni zangu." Tulipime jibu hili polepole.

Kwanza, mwili. Mlipopeana ahadi mbele ya altare, kila mmoja alijitoa kwa mwenzake. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mume na mke wana haki kila mmoja juu ya mwili wa mwenzake. Na hata tukiacha mafundisho, maisha yenyewe yanasema hivyo. Kikohozi kikimwamsha mume usiku wa manane, ni nani huamka naye? Ng'ombe akiuzwa ili kulipia matibabu, ni maziwa ya nani yanayokosekana? Ugonjwa wa mmoja katika ndoa ni mzigo wa wote wawili.

Pili, moshi haumkai mvutaji peke yake. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Japani, Takeshi Hirayama, alitoa matokeo ya uchunguzi wake. Aliwafuatilia kwa miaka 14 wake 91,540 wasiovuta sigara, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Wale ambao waume wao walivuta sigara nyingi kila siku walikufa kwa saratani ya mapafu karibu mara mbili ya wale ambao waume wao hawakuvuta. Hawakuwa wameshika sigara hata siku moja. Walikuwa wameolewa tu. Tangu hapo uchunguzi mwingine umethibitisha jambo hilo, na kuonyesha pia kwamba watoto wanaovuta moshi huo hushikwa zaidi na pumu, nimonia na magonjwa ya masikio.

Hapo mume mwerevu atasema, "Mbona mama watoto anapika kwa kuni kila siku?" Ni kweli, moshi wa kuni nao unadhuru. Lakini kama mke wako tayari anaumizwa na moshi wa jikoni, je, umsaidie kwa kumwongezea mwingine sebuleni? Afadhali umjengee bomba la kutoa moshi na kupanua dirisha la jikoni. Tena, kuni zinaivisha chakula cha wote. Sigara haimlishi mtu.

Tatu, pesa. Tuseme mtu anavuta sigara tano kwa siku, na kila moja ni shilingi 10. Hiyo ni shilingi 50 kwa siku, na kwa mwaka ni shilingi 18,250. Kaeni pamoja mfanye hesabu yenu wenyewe, bila ugomvi, kisha mwangalie sare za shule na deni la dukani. Hata Vatikani ilikuwa ikiuza sigara na kupata faida. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua biashara hiyo ikome kuanzia 2018, kwa sababu haifai kupata pesa kwa kitu kinachodhuru afya za watu.

Sasa, mwanaume wa Kigusii asiseme kwamba kujizuia mlangoni ni jambo geni. Wazee wetu walituachia chinsoni, yaani desturi za heshima kati ya wazazi na watoto. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata kama yeye ndiye aliyetoa ng'ombe wa mahari. Hakuna askari anayemzuia pale. Anazuiwa na heshima. Ikiwa tunaweza kusimama mlangoni kwa ajili ya mkaza mwana, hatushindwi kusimama mlangoni na sigara kwa ajili ya mke.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya sheria na upendo. Sheria imefanya kazi nzuri barabarani na ofisini, na tushukuru. Lakini polisi hawaji kunusa sebule yako kila jioni. Kinachobaki pale ni wewe, dhamiri yako na wale uliopewa uwatunze. Anayefanya mema pale tu anapoweza kutozwa faini bado hajaanza kupenda.

Nanyi kina mama, sikilizeni pia. Nikotini hufunga mtu kwelikweli, na wengi wanaovuta wangependa kuacha. Kumwaibisha mume mbele ya watoto au mbele ya ndugu zake hakumfungui. Chagueni saa ya utulivu, mseme, "Baba Fulani, nakuhitaji uishi, na watoto wanakuhitaji." Akijaribu akaanguka, msimcheke. Na kama ni wewe mama unayetumia ugoro, jua kwamba nao una nikotini ileile. Mume naye akuambie kwa upole uleule.

Basi wiki hii fanyeni mambo matatu. Kubalianeni kwamba sigara haiwashwi tena ndani ya nyumba, hata mvua ikinyesha, wala na mgeni yeyote. Msimtume mtoto dukani kununua sigara, kwani sheria inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Kisha mwende wote wawili kwa mhudumu wa afya aliye karibu, mumwulize namna ya kuacha kabisa. Mume akienda peke yake, ataonekana mgonjwa. Mkienda wawili, mtaonekana wanandoa.