Mkate wa Safari

Wahenga walisema, Mgonjwa haulizwi uji. Lakini uko ugonjwa ambao mgonjwa akiletewa uji huukataa, wala si kwa kuwa tumbo lamwuma au nyumba haina unga. Huukataa kwa hofu ya kunenepa, na mara nyingi hujiona mnene hata mifupa yake ikihesabika. Mwaka 1873 daktari Gull kule London na daktari Lasègue kule Paris, kila mmoja kwa upande wake, walieleza habari za ugonjwa huo, uitwao anoreksia. Hauko Ulaya tu, wala hauwapati wanawake peke yao. Wala tusiuite kufunga. Maana afungaye huijua saa ya kufungua, bali huyu haijui.

Basi twauliza: ni neno gani limfanyalo mtu kama huyo aanze kutaka kupona?

Wengi hudhani ni hofu. Humwambia, Utakufa, au humwaibisha mbele ya watu. Lakini habari ya kifo ameisikia mara nyingi, na aibu yazidi kumfunga. Tena njaa yenyewe huharibu fikira. Miaka ya 1944 na 1945, katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana wanaume 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula muda wa miezi 6, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu walioshikwa na njaa ya vita. Wakawa wenye huzuni na hasira, wakajitenga na wenzao, wakawaza chakula mchana kutwa. Kama njaa iliwageuza hivyo watu wazima wa afya, tutamwambiaje mgonjwa, Jikaze tu?

Waliopona husimulia jambo jingine. Yuko aliyetamani kurudi shuleni. Yuko aliyetaka kuzaa na kulea. Yuko aliyechoka kumdanganya mama yake kila wakati wa kula. Hawakuanza kwa kukipenda chakula, bali kwa kupenda kitu ambacho ugonjwa uliwanyang'anya. Wala hawakungoja hofu iishe. Walianza kula hofu ingaliko.

Mkumbukeni Eliya, katika 1 Wafalme 19, alivyolala jangwani chini ya mti akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Ndipo mara ya pili akamtajia safari iliyokuwa mbele yake. Mkate ulimpa nguvu ya kuisikia safari, na safari ikampa sababu ya kula mkate.

Basi wahenga walisema kweli, ila si kweli yote. Uji na tuupeleke bila kungoja kuombwa, na daktari aitwe upesi, maana ugonjwa huu huua. Lakini hamu ya kuishi haitiwi kinywani kwa kijiko. Aketiye karibu na mgonjwa asimsute kwa kila tonge. Amkumbushe yale aliyoyapenda, tena awe na saburi. Hamu hiyo, hata ikiwa ndogo kama punje ya haradali, yatosha kuanzia.