Sindano ya Kuyeyusha Mafuta: Manufaa Yake na Madhara Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: baadhi ya ndugu zetu wametuuliza habari ya sindano wachomwazo watu kidevuni na tumboni ili mafuta yayeyuke. Je, yajuzu kwa mwanamume Mwislamu? Hapana awezaye kuhukumu kitu asichokijua, basi na tukijue kwanza.

Jueni, ndugu zangu, ya kuwa dawa yenyewe ni asidi ya deoksikoliki, jinsi ya kitu kilichomo katika nyongo kisaidiacho kuvunja mafuta ya chakula. Ikichomwa chini ya ngozi, hupasua utando wa chembe za mafuta, zikafa, kisha mwili ukaziondoa kwa majuma kadha. Lakini dawa hii haina macho. Ikifika kwenye mshipa wa fahamu au kwenye ngozi, hudhuru vivyo hivyo. Ile iitwayo Kybella ilipewa ruhusa Marekani mwaka 2015, tena kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Na mwenye kuchelea nyongo ya mnyama ajue kuwa hiyo hufanywa kiwandani, haitoki kwa mnyama.

Manufaa yake yapo, hatuyakanushi. Katika majaribio, watu kama 70 katika kila 100 walipungua kidevu; ila na waliochomwa maji yasiyo dawa, kama 19 katika 100 walionekana wamepungua! Na taabu yake ni kuchomwa hata mara 50 katika kikao kimoja, na vikao hufika 6, baina ya kimoja na kingine si chini ya mwezi. Tena manufaa hayo ni ya sura tu. Mafuta yaletayo zaidi maradhi ya moyo na sukari ni yale ya ndani, yazungukayo ini na matumbo, na sindano hii haiyafikii. Mwenye kitambi adhaniye atapata afya kwa njia hii amejidanganya. Na vitambi vyetu twajua vilikotoka, ni biriani za harusi na haluwa za barazani.

Ama madhara, uvimbe na maumivu na kufa ganzi huwapata wengi, nayo huondoka. Lakini watu kama 4 katika 100 waliumia mshipa wa fahamu wa mdomo, wakicheka mdomo huenda upande. Walipona, ila wengine baada ya miezi karibu kumi. Nami ni mwalimu wa chuo, siwezi kulipita hili: mim na ba na waw hutoka midomoni, na mdomo uliolegea utazisomaje? Wengine walipata taabu ya kumeza. Wengine nywele ziliwatoka mahali pa sindano, na mahali penyewe ndipo penye ndevu. Mtu amezifuga kwa kufuata sunna, kisha azitie khatarini ili shingo ionekane nyembamba?

Kubwa kuliko hayo ni chupa zisizojulikana. Mwezi wa Oktoba 2023 idara ya Marekani iangaliayo vyakula na madawa iliwaonya watu: waliochomwa dawa zisizoruhusiwa, Aqualyx mojawapo, walipata makovu ya daima, na maradhi ya kuoza, na vinundu vigumu viumavyo. Baadhi yao walinunua kwa intaneti wakajichoma wenyewe. Na imepokewa katika Sunan ya Abu Daud ya kuwa mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, ana dhamana ya alichokiharibu. Basi wewe uchomaye watu nyuma ya duka, jua unadaiwa.

Al-Izz bin Abdis-Salam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, mwanachuoni wa madhhebi yetu, alitunga Qawa'idul-Ahkam katika kupima maslaha na mafsada. Na mafsada yakizidi, kitu huachwa. Tena Arfaja bin As'ad alipokatwa pua vitani, Mtume aliamrisha afanye pua ya dhahabu. Maulama wakapata humo kwamba kuondoa aibu ya mwili si kubadili maumbile. Kwa hivyo, mwenye kidevu kilichomtia aibu ya kweli, akaenda kwa tabibu hodari mwenye idhini, kwa dawa yenye ruhusa, baada ya kuelezwa khatari zake, hatumdhikishi. Mwenye kutaka uzuri tu, twaona aache. Ama chupa isiyojulikana mikononi mwa asiyejulikana, hiyo ni haramu, na mwenye kuiuza ni mshirika.

Na ambaye amekwisha kuchomwa, akaona ngozi imegeuka nyeusi, au pana kidonda au kinundu chenye moto, asikae nyumbani kwa haya akisingizia jipu. Aende hospitali siku ile ile, aichukue na chupa yenyewe, awaonyeshe. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.