Kuvunjika kwa Bolti Si Mwisho wa Ufundi

Usivute tena. Weka spana chini, toa lile bomba ulilotaka kuchomeka kwenye mpini ili upate nguvu zaidi, na mwambie jirani mwenye mikono mikubwa asubiri kwanza. Umefungua bolti kadhaa za pampu ya maji bila shida, sasa moja imegoma, na moyo unakuambia gari hili lingepelekwa gereji tangu asubuhi. Hapo ulipofika ndipo walipofika mafundi wote unaowaheshimu. Walivuka, nawe utavuka.

Bolti haikuchukii. Inafuata kanuni, na kitu chochote kinachofuata kanuni mtu mwenye akili timamu na subira anaweza kukijifunza. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla hujashika chombo kingine chochote.

Tazama kilichotokea humo ndani. Chukua injini ya 1NZ-FE, ile ya sentimita za ujazo 1,500 iliyomo kwenye Probox, IST na Vitz nyingi zinazopita barabara zetu. Bloki yake ni ya alumini, bolti zake ni za chuma. Kwa miaka mingi imepashwa joto na kupozwa kila siku, huku unyevu ukipenya kidogo kidogo. Na kama gari limeishi Tanga au Mombasa, hewa ya chumvi nayo imefanya kazi yake. Chuma kikishika kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hujibana kwenye mianya ya thredi. Na metali hizi mbili zikikutana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa, unga wake mweupe ukijaa humo humo. Bolti imezibwa. Huwezi kuishinda kwa misuli, kwa sababu kinachokatika kwanza ni shingo ya bolti.

Piga hesabu uone. Bolti ndogo ya M6, ile inayofunguliwa kwa spana namba 10, kwa kawaida hukazwa kwa takriban nyutoni mita 10. Ukishika mpini wa sentimita 30, unafika hapo kwa kuvuta uzito usiofika hata kilo 4. Mkono mmoja uliotulia! Ongeza bomba la mita moja na hasira za mchana kutwa, umeshapita mbali uwezo wa chuma hicho. Hata wakati wa kukaza, karibu sehemu moja tu kati ya kumi ya jasho lako ndiyo inayobana. Zilizobaki huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti na ndani ya thredi. Basi shughulika na msuguano. Huyo ndiye wa kupigana naye.

Safisha kwanza kwa brashi ya waya kuzunguka kichwa, hadi uone chuma. Nyunyizia mafuta ya kupenya kutu, kisha uyape muda. Wengi hukosea hapa: wananyunyiza na kuvuta papo hapo, kisha wanalaumu mafuta. Nyunyiza jioni, rudia kabla ya kulala, uamke na kazi mpya. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mafupi na ya wima, kwa sababu mtikisiko hupasua kutu na kufungulia mafuta njia. Tumia soketi ya pembe sita inayokaa barabara. Ile ya pembe 12 hushika ncha tu na hula kichwa. Halafu fanya jambo linaloonekana kama kichaa: jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikisogea hata unywele mmoja, ushindi umeanza. Rudisha, kaza, rudisha, ongeza mafuta. Robo mzunguko kwenda, nusu ya hiyo kurudi.

Ikiendelea kugoma, bado una silaha nyingine: joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo ukiipasha bloki pale pembezoni, tundu linapanuka kuliko bolti. Pasha alumini, uiache bolti. Na upashe kwa kiasi, maana alumini haibadiliki kuwa nyekundu kukuonya kabla ya kuyeyuka. Kabla ya moto wowote futa mafuta yote uliyonyunyiza, ondoa betri, na hakikisha hakuna petroli wala mpira wa petroli karibu. Plagi ni habari nyingine: kwenye hedi ya alumini, acha injini ipoe kabisa ndipo uzifungue.

Sasa jifunze kusikiliza kwa kiganja, kwa maana hapa ndipo ufundi ulipo. Bolti inayoachia hulia: mlio mkavu, mfupi, kisha mkono unahisi hatua. Bolti inayotaka kukatika hailii. Huwa laini, inazunguka kama mpira, unavuta na inafuata bila kutoka. Ukihisi ulaini huo, acha mara moja. Rudi kwenye mafuta, rudi kwenye joto. Mtu anayeujua ulaini huo kwa mkono wake ana elimu ambayo hakuna kitabu kitakachompa, na njia ya kuipata ni hii hii uliyomo sasa, ya kushika chuma mwenyewe.

Je, ikikatika? Wahenga waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi walikuwa wanaongea na wewe. Kama kipande kimechomoza, weka nati juu yake na umwite fundi wa kuchomelea aliye mtaani kwako aijaze kwa ndani. Nati inakupa kichwa kipya, na joto la kuchomelea linavunja kutu. Mara nyingi kipande kilichogoma siku nzima hutoka kwa spana ya kawaida chuma kikishapoa kidogo. Kumwita si kushindwa. Simama pembeni yake, uliza, tazama mikono yake. Ila usisafishe sehemu hiyo kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kabla ya kuchomelea, kwani joto huigeuza kuwa gesi ya sumu kali.

Kipande kikiwa kimezama, piga panchi katikati kabisa, utoboe kwa biti ndogo, taratibu. Ipo biti inayokata kinyume cha saa, na mara nyingine inaondoka na kipande chenyewe kabla hujamaliza kutoboa. Ile pini ya kung'olea bolti itumie kwa heshima kubwa: ni ya chuma kigumu sana, na ikikatikia humo ndani biti ya kawaida haitaigusa.

Na thredi zikifa, zinafufuka. Tepu ya kukatia thredi, ya saizi sahihi, husafisha zile zilizoziba tu. Zilizolika kabisa hutobolewa, hupigwa tepu kubwa zaidi, na kuvikwa koili ya chuma, na mara nyingi tundu lenye koili huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani. Usilifunike jeraha hilo kwa gundi ukatumaini halitavuja. Tundu lako lina haki ya kutengenezwa vizuri, na wewe una uwezo huo. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka kutafuta bolti, nenda na ile ya zamani mkononi. M10 moja si sawa na nyingine: magari ya Japani hutumia sana hatua ya thredi ya milimita 1.25, ilhali ile ya duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ni 1.5. Itaingia mizunguko miwili, kisha itakaza. Itoe, usiilazimishe.

Shukuru kwamba tofauti hizo zinahesabika. Kabla ya Joseph Whitworth kupendekeza kipimo kimoja cha thredi huko Uingereza mwaka 1841, kila karakana ilikata zake inavyojua, na nati ya mahali pamoja haikuwa na kazi mahali pengine. Leo bolti iliyotengenezwa Japani inaingia kwenye nati iliyonunuliwa Kampala kwa sababu watu walikaa wakakubaliana kuhusu pembe na hatua. Maarifa hayo yamekufikia ukiwa umelala chini ya gari lako. Yatumie bila woga.

Wakati wa kurudisha, kausha kila tundu lisilotokea upande wa pili. Mafuta au maji yaliyobaki chini hayabanwi, na bolti ikiyasukuma inaweza kuipasua bloki. Kisha anza kila bolti kwa vidole. Izungushe kwanza kinyume cha saa hadi uhisi imedondoka kwenye njia yake, ndipo uiingize mizunguko mitatu bila spana yoyote. Zikiwa zote zimeshika, kaza kwa mpangilio wa kukingamana, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kazi ya vidole mpe mwanao, wa kike au wa kiume; vidole vyake vyembamba vitaihisi thredi upesi kuliko vyako. Halafu jazeni maji ya rejeta, toeni hewa, na mumwachie yeye awashe.