Ndoa Isiyosimama: Nani Arudishe Ngombe?

Kwetu Kivu, ndoa ikishindwa, wazee wanajua njia moja: jamaa mbili zinakaa, zinahesabu ngombe na mbuzi, mahari inarudi. Hayo ni mambo ya kuachana. Lakini sheria ya inchi yetu inajua jambo lingine, ambalo hata wenye masomo wanalichanganya na talaka, ni kusema kubatilisha ndoa. Talaka inakata ndoa iliyofungwa vizuri. Kubatilisha, ni tribinali kusema kwamba ndoa ile haikusimama tangu siku ya kwanza.

Kitabu cha Sheria za Jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987, kilichosahihishwa mwaka 2016, kinadai kila mmoja akubali yeye mwenyewe, awe na miaka 18, na asiwe bado katika ndoa nyingine. (Mbele ya 2016, binti aliweza kuolewa na miaka 15!) Basi bibi aliyefichwa kwamba bwana ana ndoa nyingine ya kuandikwa, ao binti aliyepelekwa kwa nguvu, wajue mlango wa tribinali ya amani. Waende na cheti cha ndoa kama kipo, na watu walioona. Hukumu ya kanisa ni ya kanisa, haitoshi mbele ya Serkali.

Lakini binti yule amekaa miaka ine, amezaa, amelima shamba la watu. Tutasema namna gani kwamba ndoa haikuwako? Sisi tunaona kwamba tribinali haifuti maisha yake. Inasema tu kwamba neno la kukubali halikutoka kinywani mwake. Na watoto hawafutwi: kwa sheria yetu kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, azaliwe ndani ya ndoa ao inje.

Kinachomfunga binti zaidi ni ngombe. Anarudi nyumbani, mama anamwambia: "Mutoto wangu, vumilia. Ile mahari tulisha kula, kaka yako alioa nayo." Uchungu wa mama huyu tunauelewa, maana ngombe hawako tena. Lakini deni ni la nani? Waliokubali ni baba na wajomba, ndio walipokea. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaweza hata kumfunga mzazi aliyelazimisha, mwaka 1 mpaka 12. Kumrudisha binti kule juu ya mahari, ni kumuweka rehani kwa deni ambalo hakukopa.

Wengine watasema tunavunja desturi. Sivyo. Siku ya mahari, mbele ya wote, bado tunamwuliza binti: tupokee, ao tusipokee? Kama swali lile si muchezo, "hapana" nayo ni jibu. Basi jamaa zikae tena, zihesabu kama zamani, ila binti asiitwe kulipa. Na baba akikosa ngombe, azungumze mwenyewe na wakwe, arudishe kidogo kidogo, namna alivyozungumza siku ya kuwapokea.