Wakili Akigoma, Mjane Atasimama na Nani?



Yule mjane wa Luka sura ya 18 tunamjua wote. Alimwendea hakimu asiyemcha Mungu, akarudi, akarudi tena, mpaka hakimu akachoka. Tunahubiriwa juu ya kudumu katika sala, na ndivyo Luka alivyokusudia. Ila kuna kitu huwa tunakiruka: mama yule yuko peke yake. Hana wakili.

Jijini New York wapo watu ambao kazi yao ni kusimama na mtu kama huyo. Shirika lao, Legal Aid Society, lilianza mwaka 1876 likiwasaidia wahamiaji wa Kijerumani. Siku hizi linategemea sana fedha za umma. Na si hisani tu. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Gideon, maskini wa Florida aliyeandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani: mshtakiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na uwezo lazima apewe wakili. Kesi yake ikasikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili, akaachiwa huru. Mtu yuleyule, shtaka lilelile.

Sasa, Oktoba 1994 mawakili hao wa New York waligoma kupitia chama chao, madai makubwa yakiwa mishahara. Meya Rudolph Giuliani akatangaza kufuta mikataba ya jiji na shirika lao, na mgomo ukaisha haraka. Miaka iliyofuata, sehemu ya kesi ikapewa ofisi mpya ambazo hazikuwa na chama.

Nikiri kitu. Niliposoma habari hii mara ya kwanza, nilikuwa upande wa meya. Mtu yuko mahabusu, wewe uko barabarani na bango? Huo ni upendo gani?

Aliyenigeuza ni Mtakatifu Thoma wa Akwino (mniwie radhi, falsafa bado haijanitoka). Katika Summa anauliza kama wakili analazimika kutetea kesi za maskini. Ungetegemea ajibu ndiyo, basi. Hajibu hivyo. Anasema ni tendo la huruma, na hakuna mtu mmoja anayewatosha wahitaji wote. Analazimika pale shida ilipo wazi na msaada mwingine hauonekani. Halafu anakubali kwamba wakili, kama tabibu, anaweza kupokea malipo ya haki. Yaani karne ya 13 alishajua kwamba nguvu za mtu mmoja zina kikomo. Wakili aliyezidiwa na mafaili atasimama pembeni ya mshtakiwa kimwili tu, hata jina lake hajalishika vizuri. Na mshahara usipotosha, wenye uzoefu wanaondoka, maskini anabaki na anayejifunza kazi. Ule mshahara ni jambo la mjane pia.

Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens (1981) namba 20, anatubana pande zote mbili. Mgomo ni halali, na mtu asiadhibiwe kwa kushiriki. Lakini ni njia ya mwisho, na huduma za lazima kwa jamii zisikatike. Wengine wakifika hapo wanafunga kitabu: mnaona, waligoma kimakosa! Subiri kidogo. Kama kumtetea maskini ni huduma ya lazima siku ya mgomo, ilikuwa ya lazima hata siku ya kupanga bajeti. Na chama nacho kina swali lake la kujibu kabla ya kutoka: aliyekamatwa usiku wa leo, kesho atasimama na nani? Kisipojiuliza hivyo, kinaangukia ule ubinafsi wa kundi ambao Papa huyohuyo aliuonya.

Tarehe 19 Mei ni kumbukumbu ya Mtakatifu Ivo wa Bretagne, padre na mwanasheria aliyefariki mwaka 1303, mtetezi wa maskini. Aliwatetea bure, ni kweli, ila alikuwa na parokia. Hakulipa kodi ya nyumba New York. Leo usiku tusali fungu moja la rozari kwa ajili ya wote wanaosubiri kesi bila wakili, na kwa wale waliobeba mafaili yao.

Mtakatifu Ivo, utuombee.