Sare Nayo Ni Pointi: Kocha wa Mechi 49 na Ulinzi wa Moyo



Wapendwa vijana, leo naomba tuongee mpira. Najua kuna mtu anasema, "Huyu kaka wa Mogitu kaanza tena." Nivumilieni kidogo. Na wale wenzangu wa Simba msiondoke, maana hata mimi ni Mnyama wa damu, na kocha nitakayemtaja leo alitutesa misimu miwili mizima. Ila kilicho kweli ni kweli, hata kikitoka Jangwani.

Namsema Nasreddine Nabi, yule Mtunisia aliyekuja kuifundisha Yanga Aprili 2021. Wakati ule Yanga walikuwa hawajabeba ubingwa wa ligi tangu msimu wa 2016/17. Mechi yake ya kwanza ya ligi, Aprili 25, alikutana na Azam na akafungwa 1-0. Mwanzo wa namna hiyo, mtu mwingine angeanza kutafuta tiketi ya kurudi kwao.

Lakini baada ya kipigo hicho, Yanga walicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa hata moja. Katikati ya safari hiyo upo msimu mzima wa 2021/22: mechi 30, ushindi 22, sare 8, kufungwa sifuri, pointi 74, ubingwa. Mabao waliyofungwa msimu ule unayahesabu kwa vidole vya mikono yako na vidole vinabaki.

Sasa angalia jambo hili. Mfungaji bora wa msimu huo hakutoka Yanga. Alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17. Tuzo zilizokwenda Yanga zilikuwa za namna nyingine: kipa bora Djigui Diarra, kocha bora Nabi mwenyewe, na mchezaji bora wa msimu Yannick Bangala, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaba, leo beki wa kati, kesho kiungo mbele ya mabeki. Timu ilikuwa na washambuliaji wazuri, hilo sikatai, Mayele tulimwona. Lakini nyumba ile ilisimama kwa sababu ya walinzi.

Ndipo ninapotaka tuingie ndani ya maisha yetu. Katika Mithali 4:23 mzee anamwambia mwanawe kwamba katika vyote anavyovilinda, moyo uwe wa kwanza, kwa sababu maisha yake yanaanzia huko. Sisi vijana tunapenda sana kushambulia. Tunataka kuimba kwaya, kuhubiri, kuongoza semina, kupiga picha za hija na kuweka mtandaoni. Vyote ni vizuri. Swali ni hili: nyuma amebaki nani?

Fisi hahangaiki na ukuta, anatafuta tundu

Huku kwetu chini ya Mlima Hanang, mfugaji hajengi zizi la miiba mara moja akasahau. Kila jioni anazunguka. Tawi lililokauka analitoa, palipolegea anaongeza mwiba. Anajua fisi hana haja ya kubomoa zizi zima. Akipata tundu moja la kupitisha kichwa, usiku huo kuna ndama hatapatikana.

Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya 5, anatuambia tukeshe, kwa kuwa adui anazunguka kama simba anayenguruma (wana Simba wenzangu, tukubali tu). Anazunguka, ndiyo kazi yake. Anatafuta upande uliolegea.

Na wewe unaujua upande wako. Kwa mmoja ni simu saa sita usiku, bando bado lipo, mlango umefungwa. Kwa mwingine ni mkeka: anabeti mia tano, kesho buku, keshokutwa ada ya mdogo wake. Kwa mwingine ni kijiwe fulani ambacho akipita tu, lazima arudi nyumbani ananuka pombe. Dada mmoja anajua namba moja kwenye simu yake ambayo ikiita, nadhiri zake zote zinayeyuka. Usiseme "Mimi niko imara." Mtakatifu Paulo anamwonya hasa yule anayedhani amesimama (1 Wakorintho 10). Zunguka zizi lako jioni. Ile dakika tano ya kuchunguza dhamiri kabla ya kulala ndiyo mzunguko wenyewe.

Kukaba ni kazi ya timu nzima

Timu inayokaba vizuri haimwachii kipa mzigo. Straika akipoteza mpira anakuwa beki wa kwanza. Winga anarudi. Ukimwona kipa anaokoa michomo kumi kwenye mechi moja, usimpigie tu makofi, jiulize wenzake walikuwa wapi.

Mtakatifu Yohane Paulo II, alipokuwa kijana kule Wadowice, Poland, alikuwa anacheza golikipa. Najiuliza kama hakujifunza pale langoni jinsi mtu anavyoweza kuwa mpweke akiwa na wenzake kumi uwanjani.

Ndugu zangu, wapo vijana katika jumuiya zetu ndogo ndogo ambao wanaokoa michomo peke yao. Wanapambana na kitu kizito na hakuna anayejua. Tunakutana Jumamosi, tunasali Rozari, tunatoa mchango, tunaagana. Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu alizipanga familia, kila moja na kipande chake, na baragumu ikilia sehemu moja wote wakimbilie huko (Nehemia 4). Je, sisi tuna baragumu? Kuna mtu mmoja unayeweza kumpigia usiku ukamwambia, "Kaka, nimebanwa, niombee sasa hivi"? Kama hayupo, mtafute wiki hii. Na kama yupo, usije ukayachukua aliyokwambia ukayapeleka kijiweni.

Sare nayo ni pointi

Rudi kwenye ule msimu wa mechi 30. Watu wanakumbuka ushindi 22. Mimi nakumbuka zile sare 8. Kwenye mechi hizo mambo yaligoma. Uwanja mbovu, wapinzani wamejaa nyuma, mpira hauingii. Timu isiyo na ulinzi, siku kama hiyo inalazimisha, inafunguka, inapigwa. Timu yenye ulinzi inaondoka na pointi moja. Mara nane, pointi nane.

Kijana mwenzangu, kuna siku utasali na hutasikia chochote. Utakwenda Misa, mawazo yako yatakuwa kwenye mtihani, kwenye shamba, kwenye mtu aliyekuumiza. Utarudi nyumbani unaona umepoteza muda. Hapana. Hukushinda kwa mabao matatu, lakini hukufungwa. Ulikaa. Hukuiacha sala, hukurudi kule ulikotolewa. Mbinguni siku hiyo imeandikwa. Wengi wetu tunaacha imani siku kavu tu kama hiyo, kwa kudhani kwamba kama sijisikii moto, basi Mungu hayupo. Chukua pointi yako moja, nenda kalale, kesho kuna mechi.

Mechi ya 50

Sasa nifike mahali ambapo ndipo hasa nilitaka tufike.

Novemba 29, 2022, Yanga walikwenda Mbarali kucheza na Ihefu. Wakatangulia kufunga, tena kwa mguu wa huyo huyo Bangala. Kisha Ihefu wakarudisha, wakaongeza, ikaisha 2-1. Rekodi ya mechi 49 ikakatika, na haikukatwa na Simba wala Azam. Ndivyo inavyokuwa. Tunajiandaa kwa jaribu kubwa, halafu tunaangushwa na dogo, siku ya kawaida, tukiwa tunaongoza.

Kuna kijana mmoja, na amenipa ruhusa kulisema hili bila jina. Alikuwa anahesabu siku zake za kuwa safi na picha chafu. Kila siku anaweka alama kwenye daftari. Zilifika siku nyingi, alifurahi sana. Kisha usiku mmoja akaanguka. Akachana daftari. Akaacha kuja kwenye mikutano ya vijana, akaacha Komunyo, na baadaye akaacha hata Misa. Nilipompata akaniambia, "Kaka, nimevunja rekodi. Kuna faida gani tena?"

Maneno hayo yaliniuma, maana niliona kilichomwua si ule usiku mmoja. Kilichomwua ni alichokifanya baada yake. Bao moja lilimfanya atoke uwanjani wakati mpira ulikuwa bado unachezwa.

Yanga hawakutoka uwanjani. Baada ya Ihefu waliendelea. Wakapigwa tena mara moja, na Simba, 2-0, Aprili 2023 (hilo niruhusuni nilitaje kwa furaha). Lakini msimu uliisha wakiwa mabingwa tena, pointi 78, nne zaidi ya ule msimu ambao hawakufungwa kabisa. Mwaka ule ule walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Umeelewa? Msimu waliofungwa mara mbili ulikuwa na pointi nyingi kuliko msimu waliomaliza bila kufungwa.

Na tazama hesabu ya Mungu. Katika Walawi 25, Waisraeli walihesabu miaka saba mara saba, ndiyo 49. Mwaka wa 50 ulikuwa Yubilei: mtumwa anarudi kwao, aliyepoteza shamba anarudishiwa. Kwa mpira, ya 50 ilikuwa kipigo. Kwa Mungu, ya 50 ni mlango wa kurudi nyumbani. Mlango huo kwetu Wakatoliki una jina, ni Sakramenti ya Kitubio. Padre hatakuuliza rekodi yako ilikuwa siku ngapi. Ukiungama kwa majuto ya kweli, mpira unawekwa katikati na mchezo unaendelea.

Kijana yule alikwenda kuungama. Haikuwa rahisi, alirudi njiani mara mbili. Sasa hana daftari la kuhesabu siku. Ana rafiki mmoja anayempigia simu, na simu yenyewe usiku inalala chumba cha mama.

Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, litambue tundu moja la zizi lako, moja tu, na uliwekee mwiba leo. Pili, mwambie mtu mmoja unayemwamini akusaidie kukaba. Tatu, kama ulishafungwa na ukatoka uwanjani, Jumamosi hii nenda kaungame. Usisubiri ujisikie msafi kwanza.

Tusali: Ee Bwana Yesu, mlinzi wetu usiyesinzia, tunakukabidhi mioyo yetu. Utuonyeshe palipolegea. Tupe marafiki wa kutulinda, na utufanye walinzi wa wenzetu. Siku kavu utupe uvumilivu, na tukianguka utupe haraka ya kurudi kwako. Mama Maria, kimbilio la wakosefu, utuombee. Amina.